Dakika kumi za sifa nyumbani

Sala ya sifa katika nyumba nyingi huenda hivi: "Tunakusifu Bwana, tunakuabudu Bwana, tunakutukuza Bwana, wewe ni mwema Bwana, tunakusifu Bwana." Nusu dakika imepita. Halafu yanaingia maombi ya ada ya shule, na hapo ndipo sauti inapochangamka na maneno yanapopata majina, tarehe na kiasi cha pesa.

Anayesali hivyo hana upungufu wa imani. Amesema mara kadhaa kwamba anasifu, ila sifa yenyewe hajaitaja. Ni kama mgeni anayepewa nafasi ya kusema harusini, akasema "nawapongeza, nawapongeza sana, kwa kweli nawapongeza," akarudi kukaa. Makofi atapigiwa, lakini bibi harusi hatajua amepongezwa kwa lipi.

Maelezo haya ni ya nyumba ya kawaida: watu wawili au sita, alfajiri kabla ya kutawanyika au usiku baada ya vyombo kuoshwa. Anayeishi peke yake naye yanamfaa, isipokuwa palipo na kuitikiana. Mahitaji ni Biblia moja, daftari la kurasa 80 na kalamu. Spika haihitajiki.

Mwito, kisha "kwa maana"

Zaburi fupi kuliko zote ni ya 117. Ina mistari miwili. Wa kwanza unaita mataifa yote wamsifu Bwana. Wa pili unatoa sababu: "Maana fadhili zake kwetu sisi ni kuu, na uaminifu wa Bwana ni wa milele." Kisha Haleluya, neno la Kiebrania lenye maana ya "msifuni Yah", basi. Zaburi ya 100 imejengwa vivyo hivyo: mistari minne ya kuita watu waje kwa kuimba, halafu wa tano unaanza na "Kwa kuwa Bwana ndiye mwema". Ukizisoma zaburi za sifa ukiwa na kalamu mkononi na kupigia mstari kila "maana", "kwa maana" na "kwa kuwa", utaona kwamba uzito wote umekaa baada ya neno hilo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: sentensi ya sifa isifungwe kabla haijapita kwenye "kwa kuwa". Jaribu kwa sauti. "Bwana, tunakusifu kwa kuwa..." na unyamaze mpaka upate la kusema. Siku za mwanzo kimya hicho kitakuwa kirefu na kitaleta aibu kidogo, hasa mbele ya watoto. Kiacheni kiwe kirefu. Anayekikimbia hurudi kwenye "tunakusifu Bwana, tunakuabudu Bwana", na mmerudi mlikotoka.

Baada ya "kwa kuwa" lisije neno la jumla. "Kwa kuwa umetupa afya" halina kosa, lakini ni neno ambalo ungeweza kulisema jana, juzi na mwaka jana bila kufikiri. "Kwa kuwa homa ya Neema ilishuka usiku wa kuamkia leo, akaomba uji" ni neno la leo tu. Kipimo chepesi: kama sentensi ingeweza kusemwa katika nyumba ya jirani bila kubadilisha chochote, bado haijafika.

Kutoka kitenzi hadi jina

Watu huchanganya shukrani na sifa, na si ajabu, kwa kuwa zimepakana. Shukrani hutaja alichofanya Mungu. Sifa hutaja alivyo. Mtu anaweza kushukuru mwaka mzima bila kusifu hata mara moja: ameshukuru kwa mvua, kwa kazi, kwa kuvuka salama, lakini macho yake yako kwenye vitu alivyopokea, si kwa aliyevitoa.

Kiswahili kinatupa daraja la kuvuka kutoka moja hadi nyingine, nalo ni sarufi tunayoitumia kila siku bila kuiwaza. Chukua kitenzi cha shukrani ukigeuze kiwe jina la mtendaji. Ametulinda: Mlinzi. Ameponya: Mponyaji. Amefariji: Mfariji. Ameokoa: Mwokozi. Ameumba: Muumba. Amechunga: Mchungaji. Kitenzi kinasema jambo lililotokea jana saa mbili usiku, jina linasema jinsi Mungu alivyo hata pale lisipotokea.

Kwa vitendo, sala inakwenda hatua tatu:

1. Tukio, lenye mahali na saa. "Jana usiku gari lilizimika porini, tukakaa saa tatu, hakuna aliyedhurika."
2. Kitenzi, Mungu akiwa mtendaji. "Wewe ulitulinda."
3. Jina, likiambatana na neno la Maandiko linaloliunga mkono. "Wewe ni Mlinzi wetu, husinzii wala hulali." Hapo Zaburi 121 imejibu.

Hatua ya tatu ina mtego wake. Jina lisilo na mguu katika Maandiko liacheni. Katika mikesha ya siku hizi utasikia Mungu akiitwa kwa kila aina ya shida ya mjini: Mungu wa viza, Mungu wa tenda, Mungu wa kuangusha wapinzani. Hayo ni maombi yaliyovishwa joho la sifa. Ukiwa na shaka, uliza: je, jina hili lingebaki kweli kama viza ingekataliwa? Mlinzi lingebaki. Baba lingebaki.

Mfano mzuri wa kazi hii ni mwanzo wa Zaburi 103, "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Baada ya hapo vinakuja vitenzi vitano mfululizo, kuanzia mstari wa 3 hadi wa 5: anasamehe, anaponya, anakomboa, anatia taji, anashibisha. Kila mwanafamilia achukue kimoja, akitafutie tukio la wiki hii, kisha akigeuze jina. Watu watano, vitenzi vitano, dakika saba. Tazama pia kwamba Daudi hapo haongei na mkutano. Anaiamrisha nafsi yake. Asubuhi ambayo hujisikii kusifu, zaburi hiyo inakufaa kuliko pambio la kurukaruka.

Na lugha ya nyumbani isiachwe mlangoni. Mzee anayesali Kiswahili cha kanisani kwa kuchagua maneno mara nyingi hufunguka anapoita Ruwa kwa Kichaga, Ngai kwa Kikikuyu, Nyasaye kwa Dholuo au Imana kwa Kirundi. Majina ya sifa aliyoyasikia kwa bibi yake yana picha ambazo Kiswahili hakinazo. Mwacheni aseme, kisha awaelezee wajukuu kila jina lina maana gani.

Dakika zenyewe

Kumi zinatosha. Nyumba inayoanza na dakika arobaini huacha kabla mwezi haujaisha, kwa sababu siku ya kwanza ya kuchelewa basi la shule inafuta kila kitu. Mgawo unaofanya kazi ni huu:

Dakika 1: kimya. Simu ziwe chumba kingine, si juu ya meza zikiwa zimelazwa kifudifudi.

Dakika 2: zaburi, mistari 5 hadi 8, ikisomwa na mtu mmoja polepole. Asiyejua kusoma vizuri asipewe siku ya haraka.

Dakika 3: kutaja. Watu watatu tu kwa siku, kila mmoja jambo moja kwa hatua tatu zilizoelezwa juu. Wengine zamu yao kesho. Nyumba ya watu sita inazunguka kwa siku mbili, na hakuna anayelazimika kubuni.

Dakika 3: wimbo mmoja.

Dakika 1: Baba Yetu, kwa pamoja. Sala hiyo nayo huanza na sifa, "Jina lako litukuzwe", kabla haijafika kwenye mkate.

Maombi ya mahitaji yana nafasi yake, lakini yasiingie humu. Yakiingia yatakula muda wote. Mahitaji yana sauti kubwa kuliko shukrani. Wekeni maombi usiku kama sifa ni asubuhi, au kinyume chake.

Wakatoliki wanaosali Masifu ya Asubuhi na ya Jioni tayari wana mgawo uliopimwa kwa karne nyingi: zaburi, somo fupi, na wimbo wa Injili, yaani wa Zakaria asubuhi na wa Maria jioni, na kila zaburi ikifungwa kwa "Atukuzwe Baba na Mwana na Roho Mtakatifu". Hao wasiubomoe. Waongeze tu zile dakika tatu za kutaja mwishoni, maana kasoro ya sala iliyoandikwa ni kinyume cha ile ya kwanza: maneno yana uzito wote, ila jana ya nyumba yenyewe haimo.

Zaburi ipi leo

Zaburi ziko 150 na mwezi una siku 30, kwa hiyo kila siku ina zaburi zake tano. Anza na tarehe ya leo, kisha ongeza 30 mara nne. Tarehe 3 ni 3, 33, 63, 93 na 123. Tarehe 13 ni 13, 43, 73, 103 na 133. Si lazima msome zote. Kiongozi azipitie jana yake, achague moja. Katika tano hizo huwa ipo inayofaa.

Yapo mawili ya kuangalia. Tarehe 29 mtakutana na Zaburi 119, yenye mistari 176. Iahirisheni hadi tarehe 31, ambayo haina zaburi yake, na hata hapo someni kipande kimoja cha mistari minane, kama ilivyogawanywa yenyewe katika vipande 22. La pili, tarehe 28 ina Zaburi 58 na tarehe 19 ina Zaburi 109, ambazo zinaomba maadui wavunjwe meno na watoto wao wawe yatima. Ni Maandiko, na zina mahali pake, lakini si saa kumi na mbili asubuhi mbele ya mtoto wa darasa la pili. Tarehe 19 hiyohiyo ina Zaburi 19 na 139, na tarehe 28 ina 148, inayowaita jua, mwezi, theluji, wanyama wa mwitu, vijana na wazee wamsifu Bwana.

Wimbo

Wimbo wa nyumbani huharibika kwa sababu mbili au tatu tu, na kubwa kuliko zote ni kuanzisha juu mno. Mwanzilishi anachukua ubeti kwa sauti inayomfaa, kumbe kiitikio kinapanda. Kufika hapo wanaume wanaruka chini, watoto wanapiga kelele, mama ananyamaza, na mtu anacheka.

Dawa: kabla ya kuanza, mwanzilishi aivumishe puani ile sehemu ya kiitikio iliyo juu kuliko zote. Kama kidevu kinainuka na shingo inakaza, ashushe. Akipata mahali ambapo sauti ya juu kabisa inatoka bila kuinua kidevu, ndipo arudi kwenye neno la kwanza la ubeti. Inachukua sekunde kumi. Alfajiri ashushe zaidi, kwa sababu nyuzi za sauti huwa zimevimba kidogo baada ya usingizi na sauti ya kila mtu iko chini. Wimbo uliokaa vizuri Jumapili saa nne hautakaa mahali palepale Jumatatu saa kumi na moja na nusu. Maji ya uvuguvugu yanasaidia.

Makofi nayo hukimbia. Yanaanza taratibu, ubeti wa tatu yamekuwa mbio, na maneno hayasikiki tena. Mpeni mtu mmoja mapigo, ayashike kwa mguu wala si kwa mikono, maana mguu hauna haraka kama kiganja. Kayamba mkilitumia, apewe mtu mzima.

Pambio au tenzi? Vyote viwili, ila kwa kazi tofauti. Pambio ni jepesi, linaitikiwa hata na mgeni, na uzuri wake ni kwamba neno moja linabadilishwa huku mengine yakibaki. Litumieni hivyo: mzunguko wa kwanza jina mlilolipata leo katika kutaja, wa pili jina jingine, wa tatu jingine, mwisho. Pambio linalorudiwa mara kumi bila kubadilishwa chochote linageuka zoezi la viungo. Tenzi inabeba mafundisho, lakini haiimbiki vizuri kama watu wanafuata kitabu kwa macho. Chagueni moja kwa mwezi na kuijua kwa kichwa, ubeti mmoja kwa wiki. Yenye beti nne inaisha na mwezi, na mtoto wa miaka sita atakuwa ameishika kabla yenu.

Kabla ya kuingiza wimbo wowote mpya nyumbani, usomeni maneno yake bila muziki. Je, unaongea na Mungu, au unaongea na adui? Unayo "kwa kuwa" yoyote? Nyimbo zenye midundo mizuri ambazo kuanzia mwanzo hadi mwisho zinawasuta majirani na wabaya wangu zipo nyingi. Mwaweza kuzipenda, lakini zisichukue zile dakika tatu.

Na jirani wa kweli je, yule wa chumba cha pili? Nyumba za kupanga zina kuta nyembamba na dari moja, na upande wa pili kuna mtu aliyerudi kutoka zamu ya usiku saa kumi. Mithali 27:14 inasema anayembariki mwenzake kwa sauti kuu alfajiri na mapema atahesabiwa kuwa amemlaani. Imbeni kwa sauti ya mazungumzo. Ikiwa mnataka ngoma na vigelegele, tafuteni saa kumi jioni.

Watoto na Zaburi 136

Zaburi hii ina mistari 26, na kila mmoja unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele". Iliandikwa kwa kuitikiana. Mkubwa anasoma nusu ya kwanza, watoto wanajibu. Hata asiyejua kusoma anashiriki tangu siku ya kwanza.

Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba kufikia mstari wa 10 watoto wamechoka na "fadhilizakenizamilele" limekuwa neno moja linalotamkwa kwa mashindano. Kwa hiyo igaweni. Siku ya kwanza mstari wa 1 hadi wa 9, mpaka mwisho wa uumbaji. Siku ya pili wa 10 hadi wa 22, kutoka Misri hadi nchi ya urithi. Hapa waelezeeni Farao na Ogu ni nani, la sivyo watauliza katikati. Siku ya tatu wa 23 hadi wa 26, na hapo muongeze mistari yenu wenyewe kwa mtindo uleule:

Yeye aliyetuvusha wakati maji yalipoingia ndani mwezi wa nne,
kwa maana fadhili zake ni za milele.
Akampa baba kibarua siku unga ulipokwisha,
kwa maana fadhili zake ni za milele.
Akamrudisha Baraka kutoka hospitali,
kwa maana fadhili zake ni za milele.

Mwacheni mtoto atunge wa kwake. Atasema "aliyempa paka wetu watoto wanne", na mtaitikia bila kucheka.

Jikoni na barabarani

Hapa hapahitaji utaratibu mrefu. Zaburi 119:164 inataja kusifu mara saba kwa siku; anayetaka kujaribu afunge sifa saba kwenye mambo saba anayoyafanya hata hivyo: kuwasha jiko, kufunga mlango, kupanda daladala, kufungua duka, kunawa mikono, kuanua nguo, kuzima taa. Neno moja la jina, sababu moja. "Mtunzaji wetu, unga umetosha." Saa ya simu inayolia kukukumbusha haidumu, baada ya siku nne unaizima bila kuisikia. Jiko la mkaa haliwezi kuzimwa hivyo.

Kwenye basi sifa iwe ya moyoni, au tumia vifaa vya masikioni. Na redio inayopiga nyimbo za injili tangu asubuhi mpaka usiku si kusifu, hata ikiwa sauti iko juu. Ni muziki mzuri wa kufulia nguo. Inakuwa sifa pale unapozima bomba, ukaitikia mstari mmoja ukijua unachosema. Kasoro yake kubwa ni kwamba inayachakaza maneno: "Mtakatifu" lililosikika mara mia mbili tangu asubuhi halishtui tena jioni.

Salamu na ushuhuda

"Bwana asifiwe" ni sifa ya kila siku kuliko nyingine zote katika Afrika Mashariki, sawa na "Tumsifu Yesu Kristo" kwa Wakatoliki, inayojibiwa "Milele na milele, amina". Pia ndiyo iliyochoka zaidi. Inatumika kujaribu maiki, kunyamazisha kikao, hata kuziba pengo msemaji anaposahau. Njia ya kuirudishia uhai ni ileile: ongeza sababu. "Bwana asifiwe, maana mvua imenyesha Jumanne." Mwenzio atasimama.

Ushuhuda katika jumuiya uwe wa dakika tatu na uwe na vipande vitatu: hali ilivyokuwa, Mungu alifanya nini, na sasa tunamjuaje. Unaharibika hivi. Kipande cha kwanza kinakula dakika kumi na mbili. Au msemaji anakuwa shujaa wa habari: nilifunga, niliomba, nilikemea. Hesabu vitenzi vyake. Kama vingi vinaanza na "ni-", hiyo ni sifa ya mtu. Au majirani wanageuzwa wachawi bila kutajwa majina, na kila mtu aliyeketi pale anajua ni nani. Au dawa zinafichwa. Kama daktari alitibu, semeni daktari alitibu. Mungu hapungukiwi sifa kwa kutajwa pamoja na daktari, na mgonjwa anayesikiliza asije akaacha dawa zake kwa sababu ya ushuhuda wenu.

Siku za msiba

Msimwambie aliyefiwa asifu. Wapo wanaofika matangani na 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo", wakiitumia kufunga kilio. Kigiriki cha mstari huo kinasema "katika kila jambo". Paulo hakumtaka mtu yeyote ashukuru kwa ajili ya jeneza.

Kundi kubwa kuliko yote katika kitabu cha Zaburi ni la maombolezo, na ndiyo maana linafaa kutumika. Zaburi 13 ina mistari sita tu: miwili ya kulalamika, ambamo "hata lini" inakuja mara nne, miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Siku ya kwanza baada ya maziko someni miwili ya kwanza, mkomee hapo. Miwili ya mwisho itangoje wiki, au mwezi. Na kuna Zaburi 88, ambayo haifiki kwenye sifa kabisa, inaishia gizani. Imo katika kitabu kilekile ambacho Waebrania walikiita Tehilim, yaani "Sifa". Nyumba iliyofiwa ikiisoma hiyo peke yake, imekuwa na ibada kamili.

Wimbo siku hizo uanzishwe na mtu ambaye si wa familia. Mwenye msiba akikatikia njiani, wengine waendelee.

Daftari

Safu tatu: tarehe, tukio, jina. Mstari mmoja kwa siku, usizidi. Mwandishi awe mtu mmoja kwa mwezi mzima, kisha abadilishwe. Wekeni sharti kwamba jambo lililoandikwa lisirudiwe ndani ya siku saba. Bila sharti hilo, "afya" na "uzima" vitajaza kurasa tatu za kwanza na daftari litaachwa Februari. Siku iliyorukwa ibaki tupu. Msiijaze baadaye kwa kukisia, wala msikeshe kufidia.

Tarehe 31 Desemba, kabla ya kwenda kwenye mkesha, fungueni daftari na kuchagua mistari 12, mmoja kwa kila mwezi. Mkubwa asome kwa mtindo wa Zaburi 136, wengine waitikie. Mwezi ambao kurasa zake ni tupu, labda kwa ugonjwa au ugomvi au uchovu tu, utajwe jina lake peke yake, "Mwezi wa nane", kisha mwitikie kama mlivyoitikia mingine.